Kompyuta ya Sanduku la Bati

Juma lililopita, shuleni ninakofundisha, fundi alitoa stoo kompyuta moja ambayo hakuna aliyekumbuka ilihifadhiwa lini, akaichomeka kwenye umeme kabla hajaipangusa. Feni ilipozunguka, vumbi la miaka likapata moto na harufu yake ikajaa chumba, harufu ya nywele zilizochomwa na bati lililoanikwa juani. Walimu wenzangu waliziba pua. Mimi niliivuta mpaka mapafu yakakataa. Kwa muda huo nilikuwa mtoto wa miaka tisa tena, nimepiga magoti kwenye mkeka katika chumba chetu cha kupanga mtaa wa Marachi, Busia, na mbele yangu ni mama yangu, ameuma bisibisi kwa meno.

Mama alikuwa mpiga taipu. Meza yake ilikaa kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Ojiambo, ng'ambo ya barabara kutoka lango la forodha, na watu wote wa mpakani walimwita Mama Taipu. Maajenti na madereva walimletea fomu tupu, wakamtajia mzigo, naye akapiga: saruji, mitumba, ngozi, mafuta ya kupikia, aina, uzito, mwenye mali, mpokeaji. Alipiga bila kuangalia vidole, huku akibishana na mwanamke muuza omena, dagaa wa ziwani, kwamba hiyo ya leo haijatoka Osieko asubuhi, imelala mahali. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza nikipokea nakala za kaboni na kuzipanga. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sina la kusema juu yake ila kwamba picha yake ilikuwa ukutani na tai ilikuwa imekaa upande.

Ninyi wenzangu mliokulia mpakani mnajua mtoto wa kule anavyosomeshwa na barabara kabla ya mwalimu. Nilichojifunza mimi chini ya meza ile ni kwamba duniani kuna vitu vya aina mbili tu, vyenye muhuri na visivyo na muhuri. Malori yalipanga foleni siku mbili, tatu, yamezima, madereva wamelala chini yake wamejifunika magazeti. Kisha dereva mmoja angetoka ofisini mbio, karatasi mkononi, wino wa muhuri haujakauka, akapanda, na lori likanguruma. Niliona jambo hilo mara elfu. Kwa akili zangu, basi, ulikuwa muhuri ndio uliowasha lori. Sikuwahi kumuuliza mtu kwa sababu hakuna anayeuliza kitu anachokiona kwa macho yake.

Mwaka ule notisi ilibandikwa langoni. Baada ya miezi mitatu, ofisi haitapokea tena fomu za taipureta, ila zilizotolewa kwenye kompyuta. Siku hiyohiyo Mzee Ojiambo alitoka dukani, akasimama karibu na meza yetu akijikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na watu wema huwa wanateseka sana wakitaka kukufukuza.

"Mama Taipu," akasema, "mimi na wewe tumekaa miaka. Lakini umeona ile notisi. Kuna kijana ametoka Eldoret, ako na computer na printer yake. Anataka hapa. Mimi nifanye aje?"

"Atakuja lini?"

"Hiyo Monday yenyewe notisi inaanza, shule zikifunguliwa."

"Basi nipe mpaka hiyo Monday, mzee. Ikifika na sina computer, nitabeba meza yangu mwenyewe."

"Utatoa computer wapi, mama?"

"Hiyo wachia mimi."

Nilijua kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Bila veranda hakukuwa na chumba cha Marachi wala shule yangu ya mjini. Tungerudi Namboboto kwa kukhu, mama yake mama, kulima mihogo. Mama hakuwa na ubaya na jembe. Alisema tu kwamba vidole vyake vilishazoea kitu kingine, na hakuwa tayari kuviambia vianze upya.

Kompyuta nzima tusingeiweza, hata iliyotumika. Lakini ajenti mmoja aliyekuwa akihama alimwachia mama skrini nzito iliyokuwa nzima, printa ya utepe, na kompyuta iliyopigwa na radi. Mtu mwingine angeuza vyuma. Mama aliibeba nyumbani, akatandika mkeka, akaifungua, na kabla ya kugusa waya hata mmoja akachukua karatasi mbili, akaweka kaboni katikati, akaanza kuchora. Kila waya ulipotoka, kila skrubu, kila kijiti, alikichora kilipokuwa na kuandika kinaelekea wapi. Nakala mbili, kama fomu ya forodha.

"Moja ya file, moja ya kupotea," aliniambia.

Tuliifungua na kuifunga ile maiti ya kompyuta mara saba. Kwanza mimi nilisoma mchoro na yeye akaunganisha. Baadaye tukabadilishana: akakaa kitandani na nakala mkononi, akasoma kama anayemwita dereva, "Waya mpana, upande wenye mstari mwekundu!" nami nikatafuta pa kuuchomeka. Nikikosea hakunisaidia. Alinyamaza tu mpaka nikaona mwenyewe. Leo wanafunzi wangu hulalamika kwamba mwalimu huyu ananyamaza sana, na sijawahi kuwaambia nilikojifunzia.

Mashine iliyopigwa na radi, hata uifunge vizuri namna gani, ni ya kuzikwa. Tulihitaji viungo vilivyo hai, na viungo hivyo vilikuwa ng'ambo, upande wa Uganda, kwa fundi mmoja ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Aliyekwenda kati yetu na yeye alikuwa Ekisa. Huyu alikuwa Mteso wa Chakol, aliyelemazwa miguu na polio utotoni, na alivusha bidhaa kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, yenye boksi la bati chini ya kiti. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko mlango wetu. Walinzi wa mpaka walimpungia mkono apite, maana hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumwambia Ekisa ashuke. Alivusha sukari na mchele, akimfokea kila aliyemzibia njia, na hakuitika asipoitwa boss.

Mama alimpa ile bodi iliyoungua, na kesho yake akarudi nayo pamoja na kikaratasi cha fundi, kilichomwita mama kwa heshima ya Kiganda. "Nnyabo, hii imekufa kabisa. Pole sana. Ntafuta ingine." Tangu hapo barua zikaenda na kurudi chini ya sukari, na pesa za mama kidogo kidogo pamoja nazo. Ikaja bodi kubwa iliyofungwa kwenye gazeti la Kiganda. Ikaja prosesa, ndogo kama biskuti, nami nikakatazwa hata kuipumulia. Ikaja diski, kikaja kisanduku cha umeme, na mwisho kabisa kikaja kijiti cha memori chenye meno ya rangi ya dhahabu.

"Na hii kazi yake ni nini?" nilimuuliza mama.

"Hii ndiyo inakumbuka. Bila hii, computer haijui ilikuwa inafanya nini."

Kwa nini tulipitisha vitu vile kwa kificho? Ndugu zangu, hakuna aliyejiuliza. Mpakani kwetu ilijulikana kama inavyojulikana kwamba jua huchomoza upande wa Kisumu: kitu chochote cha umeme kikipita mbele ya ofisa, utalipa ushuru mpaka ulie. Mama mwenyewe, aliyepiga fomu za watu miaka yote hiyo, hakuwahi kuletewa hata moja ya kompyuta. Kwa hiyo naye aliamini kama wengine, na kila Ekisa alipofika mlangoni alitazama huku na huku kabla ya kufungua boksi. Sikupenda kumwona mama yangu akitazama huku na huku.

Kasha la ile kompyuta ya radi lilikuwa limeoza kutu. Mama akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku lake la bati, la buluu, lile alilokwenda nalo sekondari na kurudi nalo kabla ya kumaliza kidato cha pili, karo ilipokatika. Jina lake la usichana lilikuwa bado limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Alilifuta vumbi kwa kiganja, akaliangalia kidogo, kisha akachukua msumari na nyundo akaanza kulitoboa matundu ya kupumulia feni. Nilishtuka, kwa kuwa lile sanduku nilikuwa nimeambiwa nisiliguse. "Lilikuwa linanisubiri nirudi shule," akasema. "Limechoka kusubiri, lifanye kazi." Fundi alikuwa ametuonya kwa barua kwamba bodi isiguse bati hata kidogo, la sivyo itaungua. Tukakata ndara kuukuu vipande vidogo vya mpira, tukaviweka chini ya bodi kila pembe, na skrubu zikapita katikati yake. Hiyo ilikuwa akili yangu mimi, ya ndara, nami naisema wazi kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kunisemea.

Jumamosi moja mchana, siku tisa kabla ya ile Jumatatu, tulimaliza. Mama alisoma mchoro mara ya mwisho, kidole kikitembea kutoka waya hadi waya. Akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Feni ikaguna, ikazunguka, ile harufu ya vumbi la moto ikatoka kwenye matundu ya msumari, nami nikaruka juu ya kitanda nikipiga makofi. Lakini skrini haikuonyesha kitu. Tulingoja. Nilishuka kitandani. Skrini ilibaki nyeusi, na ndani yake nilijiona mimi na mama tukiitazama.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyokuwa mbaya. Kila jioni mama alirudi kutoka verandani, akafungua, akafunga, akabonyeza. Fundi aliandika, "Nnyabo, hebu chomoa zote, urudishe moja moja." Alifanya hivyo. Skrini nyeusi. Akaandika tena, "Labda safari imeisumbua." Hakueleza zaidi, na Ekisa, aliyeileta barua, alikasirika akidhani analaumiwa. "Safari gani? Mimi naendesha kama niko na mayai!" Alhamisi yule kijana wa Eldoret alikuja verandani na futi ya kupimia, akapima mahali pa meza yetu tukiwa bado tumekaa. Alikuwa na adabu, aliomba ruhusa mama ainue miguu. Mama akainua miguu. Sijawahi kusahau namna alivyoiinua, polepole, mmoja halafu mwingine, na macho yake ameyaelekeza kwenye fomu.

Usiku huo nililala nikiwa nimeshajua tatizo. Fundi mwenyewe alikuwa amelitaja. Safari imeisumbua! Vitu vile vyote vilivuka mpaka na hakuna hata kimoja kilichogongwa muhuri. Ingewezekanaje viwake? Malori makubwa kama nyumba yalishindwa kuwaka bila muhuri, sembuse kijiti. Nilishangaa kwamba mama, mtu wa karatasi, hakuwa ameliona hilo.

Ijumaa asubuhi, mama alipokwisha kwenda kazini, nilifungua sanduku. Bodi nisingeweza kuibeba. Nikakichomoa kijiti cha memori, kwa sababu zangu: kama kuna kitu ndani ya mashine ile kilichokumbuka kwamba tulipita chini ya sukari, kitakuwa ni hicho. Kikigongwa, kitawaambia wenzake. Nikakifunga kwenye karatasi ya daftari, nikapita nyuma ya foleni ya malori ili mama asinione, nikaingia forodhani.

Dawati la tatu lilikuwa la mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye madereva walimwita Madam tu na kumwogopa kwa pamoja, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda. Nilichagua lake kwa kuwa muhuri wake ulikuwa mkubwa. Nilipanga foleni kati ya mapaja ya watu wazima mpaka zamu yangu ikafika.

"Wewe mtoto, umepotea?"

"Hapana, Madam. Nataka muhuri."

"Muhuri ya nini?"

Nikafungua karatasi, nikaweka kijiti juu ya dawati. "Ya hii. Ni ya computer ya mama. Inakataa kuwaka kwa vile haijagongwa."

Foleni nzima ikacheka. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva, akasema hata lori lao lina ugonjwa huo. Madam hakucheka. Alikigeuza kijiti kwa ncha ya kalamu.

"Mama yako ni nani?"

"Mama Taipu."

"Na hii ilitoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Ikapita wapi?"

"Kwa boksi."

"Boksi ya nani?"

Hapo ndipo kicheko kilipokatika nyuma yangu. Kupitia dirishani nilimwona Ekisa kwenye geti, amesimamisha baiskeli yake, anamfokea mtu wa mkokoteni. Mara moja, bila kuelezwa na mtu, nilielewa kwamba kulikuwa na vitu vilivyopita mbele ya dawati hili na vitu vilivyopita mbali nalo, na kwamba sisi tulikuwa wa mbali. Nikaelewa pia kwamba mdomo wangu, kwa jibu moja tu, ungeweza kumla Ekisa mzima na baiskeli yake.

"Ya mtu," nikasema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Madam."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akamtuma mlinzi amwite mama.

Mama alikuja mbio, vidole vyeusi kwa kaboni. Aliona kijiti juu ya dawati, akaniona mimi, akaelewa yote pale mlangoni. Madam akashusha sauti, na maneno yake yalikuwa ya huruma: "Mama Taipu, wewe nakujua. Huyu ni mtoto. Chukua hii kitu yako uende nyumbani, mimi sijaona."

Alikuwa amepewa mlango wazi. Mtu yeyote wa mpakani angepita, na angepita mbio. Mama alishika kijiti, akakiangalia. Kisha akakirudisha juu ya dawati.

"Hapana, Madam. Si hiyo peke yake. Kuna motherboard, processor, disk na power supply. Zote ni zangu, na sikuzileta hapa. Mtoto wangu amekuja kuomba muhuri mbele ya watu. Siwezi kumfundisha ati hiyo ni makosa. Nipe form."

"Unajua naweza kuchukua zote?"

"Najua."

"Na boksi ilikuwa ya nani?"

"Mali ni yangu. Andika mimi."

Tulivuka barabara pamoja, amenishika mkono. Nilitaka kulia lakini niliona si zamu yangu. Aliketi, akaingiza fomu kwenye taipureta, karatasi mbili na kaboni katikati, akaanza kupiga. Penye nafasi ya mwenye mali, ambapo miaka yote nilimwona akipiga majina ya makampuni na matajiri wa Kampala, alipiga jina lake lote, yale matatu. Akakosea herufi moja. Mama yangu, ambaye hakukosea! Akaifuta kwa kile kifutio chake cha mviringo chenye kibrashi, akaipiga upya. Halafu macho yake yakaangukia kijiti. Kilikuwa na mafuta ya vidole na utando wa sukari, na meno yake yalikuwa yamefifia. Mama hakuwahi kupeleka kitu kichafu ofisini, na hakukusudia kuanza siku ambayo angenyang'anywa. Akayasugua meno yale kwa kifutio upande huu na upande ule, akapuliza, akapiga brashi.

Madam alisoma fomu kuanzia juu hadi chini. Akafungua kitabu kinene cha ushuru, kidole kikashuka ukurasa, kikasimama, kikapanda, kikashuka tena. Akamwita mwenzake wa dawati la pili. Wakanong'ona. Nilimshika mama sketi.

"Mama Taipu," akasema, "nani alikuambia hizi vitu ziko na ushuru?"

"Kila mtu, Madam."

"Hazina. Spare za computer hazina ushuru. Kosa yako ni kupitisha bila kusema, na hiyo usirudie, utanijua." Akachukua ule muhuri mkubwa, akaupulizia, akagonga. Kisha akaniangalia mimi, akagonga tena pembeni ya karatasi yangu ya daftari, ambapo hapakuwa na maandishi yoyote. "Na hii ni yako. Umetosheka?"

Nilitosheka kabisa.

Ekisa alipohadithiwa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Miezi mitatu! Miezi mitatu naficha chini ya sukari kitu ningebeba juu ya kichwa nikipiga kengele! Nyinyi watu mlisoma wapi?" Hakutuzungumzisha mpaka jioni. Baadaye mtu alimwambia kwamba mtoto aliulizwa boksi ni la nani, na alivyojibu. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, akaniita kwa jina badala ya "we mtoto", akanipa kilo moja ya sukari, akageuza baiskeli na kuondoka akimfokea jirani.

Siku ileile ya Ijumaa, jua likiwa bado liko juu, mama alirudisha kijiti mahali pake. Kililia tik. Akanitazama, nikabonyeza. Feni ikazunguka, harufu ikatoka, kisha sanduku likatoa mlio mmoja mfupi ambao hatukuwahi kuusikia, na maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari kwa mstari, kwa haraka kuliko hata vidole vya mama.

"Si nilikuambia!" nikapiga kelele. "Ni muhuri!"

Mama alikaa chini kwenye mkeka akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Nilimkalia mapajani ingawa nilikuwa mkubwa. Nilikuwa najivunia vitu vingi kwa wakati mmoja hata sikujua nianze na kipi: mashine, muhuri, yeye.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alitufundisha kwamba meno ya memori yakififia, dawa ni kuyasugua kwa kifutio. Nilicheka peke yangu darasani mpaka nikaulizwa kama ninaumwa. Nikampigia mama kumweleza kwamba kumbe alikuwa yeye, ni kile kifutio chake. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema. "Kwani usingeenda kuomba muhuri, ningekisugua?"

Jumatatu tulifika verandani mapema, mimi nimevaa sare ya shule. Ekisa alibeba skrini mapajani, sanduku likiwa nyuma yake limefungwa kwa kamba, akapita katikati kabisa ya barabara, kengele haikunyamaza. Kijana wa Eldoret alikuwa amekwisha kufika, na kompyuta yake mpya ya rangi ya maziwa ilikuwa sakafuni ikingoja meza. Mzee Ojiambo alisimama kati yetu akijikuna shingo. Mama alipanga, akaunganisha, akabonyeza, na ajenti wa kwanza alipotokea na fomu yake, aliipiga, printa ya utepe ikaguguna, karatasi ikatoka. Ajenti akavuka barabara nayo. Sote tulisimama tukingoja, hata wateja wa saruji. Akarudi ameishikilia juu, muhuri umegongwa.

"Basi meza imebaki ilipokuwa," Mzee Ojiambo akasema, na nadhani yeye ndiye aliyefurahi kutuzidi sote. Kisha akampa yule kijana upande wa pili wa veranda, uliokuwa wa masufuria.

Kijana hakwenda mara moja. Alizunguka nyuma ya sanduku la buluu, akachungulia matundu ya msumari, akapapasa vipande vya ndara.

"Mama, hii ulinunua wapi?"

"Hatukununua. Tuliunda."

"Nani aliunda?"

"Mimi na huyu."

Akanitazama, soksi na yote. Akaangalia chini kidogo, akasema kwamba yake mpya ilikuwa inazima yenyewe tangu safarini, na hapa mjini hajui mtu. Watu walikuwa wamejaa: madereva, maajenti, mama wa omena, Ekisa juu ya baiskeli yake. Mama alikuwa ameshaingiza karatasi ya mteja wa pili. Akatoa bisibisi mfukoni mwa koti, akaninyooshea bila kugeuza kichwa, kama anavyompa mtu mzima mwenzake.

"Mfungulie," akasema. "Na uchore kwanza."